Uponyaji wa Kutolewa na Uponyaji wa Kunyang'anya



Hivi karibuni washirika watatu wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti: "Pastor, hizi seli shina ni za Mungu ama ni za shetani?" Wa kwanza alikuwa ametumiwa video kwenye simu. Wa pili alikuwa ameletewa pakiti za unga unaodaiwa kuwa na seli shina za matunda, na bei yake si ya mchezo. Wa tatu ni mama mwenye mtoto mgonjwa. Maneno ya swali ni yale yale, lakini ukiwasikiliza unaona kila mmoja anauliza jambo lake. Ukiwajibu wote kwa neno moja, ndiyo ama la, lazima kuna mmoja utakayemuumiza.

Kwa hivyo leo tusikimbilie hukumu. Kwanza tuelewe kitu chenyewe, halafu tukipime.

Tuanze shambani

Soma Ayubu sura ya 14, kuanzia mstari wa 7. Ayubu, akiwa katikati ya maumivu yake, anautazama mti na ni kama anauonea wivu. Mti ukikatwa, anasema, bado una tumaini. Hata kisiki kikizeeka ardhini, kikipata harufu ya maji tu, kinachipuka. Halafu anageuka kumtazama mwanadamu, na anaona yeye hana nafasi hiyo.

Ayubu hakuwa na darubini, lakini alichokiona ni kweli hadi leo. Kata mkaratusi, ngoja mvua, utakuta kisiki kimejaa machipukizi. Muhogo nao unakata kipande cha shina, unakifukia, na baada ya muda una mmea mzima. Kwa nini? Kwa sababu mmea una sehemu ndogo ndogo, kwenye ncha ya chipukizi, kwenye ncha ya mzizi na kwenye ukanda mwembamba chini ya gome, ambapo kuna seli ambazo bado hazijachagua kazi. Seli ya jani imeshakuwa jani. Seli ya gome imeshakuwa gome. Lakini hizi nyingine ziko kama kijana aliyemaliza kidato cha nne na hajachagua kozi. Njia zote bado ziko wazi mbele yake.

Hizo ndizo seli shina. Zina tabia mbili. Zinaweza kugawanyika na kubaki vile zilivyo, na zinaweza kuzaa seli zinazoenda kufanya kazi maalum. Mtu wa biashara ataelewa haraka. Ni kama mama mboga anayejua kutenganisha mtaji na faida. Kila jioni anatoa pesa ya matumizi ya nyumbani, lakini mtaji anauacha ndani ya biashara ili kesho aende sokoni tena. Seli shina nayo, kila inapogawanyika, inaweza kuacha moja ikabaki mtaji na nyingine ikaenda kazini.

Mwaka 1958, mtafiti F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba seli za karoti iliyokomaa zikilelewa kwenye maji yenye virutubisho zinaweza kuwa mmea mzima wa karoti. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja kimekuwa kikitoa miche ya ndizi kwa njia ya aina hiyo. Wanachukua ncha changa ya chipukizi la mgomba, wanailea kwenye chupa safi, na kutokana na chipukizi moja wanapata miche mingi isiyo na magonjwa ya shamba. Pengine ndizi uliyokula wiki hii ilianzia kwenye chupa. Na hakuna mtu aliyefanya matanga kwa sababu ya ile ncha iliyokatwa.

Sasa tuje kwa wanyama

Kwa wanyama mlango unakuwa mwembamba zaidi. Mjusi akipoteza mkia anaota mwingine, ingawa ndani ya ule mpya hakuna mfupa kama wa kwanza, ni gegedu tu. Sisi binadamu ukikatwa mkono, hauoti. Ayubu alisema kweli.

Lakini Mungu hakutuacha bila akiba. Ndani ya mifupa yako kuna uboho, na ndani ya uboho kuna seli shina zinazotengeneza damu. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120 tu, kwa hivyo mwili unatengeneza zaidi ya milioni 2 mpya kila sekunde. Hata utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Tangu ibada ya Jumapili iliyopita, karibu utando wote umeshabadilika na wewe hukusikia kitu.

Hizi seli za mtu mzima lakini zina mipaka. Seli shina ya uboho inatengeneza damu, haitengenezi ubongo. Yaani tayari imechagua kozi, imebaki kupangiwa kazi tu. Zenye njia zote wazi zinapatikana mwanzoni kabisa mwa maisha. Yai la mama likisharutubishwa linaanza kugawanyika, na kufikia siku ya 5 hivi limekuwa kampira kadogo ka seli kama 100 hadi 200, kadogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Hicho ndicho kiinitete. Seli za ndani ya kampira hako zinaweza kuwa moyo, mfupa, jicho, kila kitu cha mwili.

Na hapo ndipo ubishi wote ulipoanzia.

Zinatoka wapi?

Watu wengi wanadhani seli shina zote zinatoka mahali pamoja. La. Kuna njia nne kubwa, na kila moja ina historia yake.

Ya kwanza ni uboho wa mtu aliye hai. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alitumia maisha yake kutafuta jinsi ya kuupandikiza kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ya pili ni damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishazaliwa. Mwaka 1988 jijini Paris, mtoto aliyekuwa na ugonjwa mbaya wa damu alipandikizwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Damu ambayo kwa kawaida ingetupwa iliokoa maisha.

Ya tatu ni kiinitete. Mwaka 1998, James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichukua seli za ndani za viinitete vilivyobaki baada ya wanandoa kutafuta watoto kwa msaada wa maabara. Wanandoa wenyewe walikubali. Seli ziliendelea kukua kwenye maabara, lakini kiinitete kiliishia hapo.

Ya nne ilikuja mwaka 2006. Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alichukua seli za kawaida za panya na kwa kuwasha jeni nne tu akazirudisha nyuma, zikawa kama za kiinitete. Mwaka 2007 ikafanyika kwa seli za ngozi ya binadamu. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 2012. Hakuna kiinitete kilichoguswa kupata seli hizo.

Kwa hivyo ukisema tu "seli shina ni kutoa mimba," hujasema ukweli. Na ukisema "seli shina ni sayansi tu, kanisa likae kando," pia hujasema ukweli.

Mizani ya maswali matatu

Mimi naona swali la haki si seli ni nini. Swali ni jinsi ilivyopatikana. Kuna uponyaji wa kutolewa na kuna uponyaji wa kunyang'anya. Kwa hivyo tuulize mambo matatu. Nani ametoa? Baada ya kutoa, amebaki mzima? Na anayepokea, je, ameambiwa ukweli?

Tumpimie yule mama kwanza. Ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Mtoto wake ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowasumbua watoto wengi hasa Nyanza, Magharibi na Pwani. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana naye vya kutosha kumpa uboho. Dada yake wa miaka 11 alipimwa, akafanana. Halafu mtu fulani akamwambia mama kwamba hiyo ni damu ya watoto walioavywa, na akikubali ataleta laana nyumbani. Mama akaanza kusema basi, wacha mtoto akae hivyo.

Dada zangu na kaka zangu, uboho wa yule msichana hauna uhusiano wowote na kutoa mimba. Unachukuliwa kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, na ndani ya wiki chache mwili wake unaurudisha. Ule mtaji tuliousema unabaki. Huyu anatoa na anabaki mzima. Kwa nini tuite laana kitu ambacho Mungu alikiweka ndani ya mwili kwa ukarimu hivyo?

Lakini hata hapa mizani ina swali gumu, na tusiliruke. Mtoto wa miaka 11 anaweza kweli "kutoa"? Ama ni sisi watu wazima tunaochukua kwa jina lake? Mimi naamini mzazi si mwenye mwili wa mtoto, ni wakili tu. Wakili anaweza kuamua kwa niaba, lakini lazima amweleze msichana kwa lugha anayoielewa, tena aulizwe na mtu mwingine mbali na wazazi, na hofu yake isikilizwe. Asiambiwe, "Ukikataa, ndugu yako atakufa na ni wewe." Hiyo ni kunyang'anya kwa maneno.

Na mama pia aambiwe ukweli wote. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani kabla ya kupokea mpya. Mwili unaweza kukataa. Wengine hawapitii salama. Wakenya wengi wamelazimika kusafiri hadi India, na familia huchangiwa kwa harambee. Kumwombea mtoto na kumpeleka hospitalini si mambo mawili yanayopigana, lakini kumficha mama hatari kwa sababu tunataka ushuhuda mzuri si imani.

Je, kiinitete?

Sasa hapa ndipo penye uzito, na wenye hoja tofauti nao tuwasikilize vizuri.

Wanasema: kampira ka seli 150 hakana uso, hakana ubongo, hakasikii maumivu. Mbegu ya embe si mwembe. Tena, hadi karibu siku ya 14 kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kuwa mapacha, sasa utasemaje kwamba tayari ni mtu mmoja? Mwanafalsafa Mary Warnock wa Uingereza aliongoza kamati ambayo mwaka 1984 ilipendekeza mpaka wa siku 14 kwa utafiti, na nchi kadhaa zimeufuata. Halafu wanaongeza: kama Yamanaka anaweza kurudisha seli ya ngozi hadi mwanzo, mbona msilie kila mnapojikuna?

Si hoja za kijinga hizo. Lakini nadhani zinachanganya vitu viwili: kitu kinachoweza kutumiwa kutengeneza, na kitu ambacho tayari kinajijenga. Seli ya ngozi iliyorudishwa nyuma ni kama mbao. Haina mwelekeo wake yenyewe mpaka fundi aiguse. Kiinitete kina mwelekeo wake. Kipe tumbo na wakati, utakiona kikijipanga chenyewe. Mimi na wewe hatukutengenezwa na kampira kale. Tulikuwa kampira kale. Zaburi ya 139 inatuonyesha Mungu akimtazama mtu kabla hajakamilika, wakati bado hana umbo.

Mtu atasema, "Lakini Pastor, Biblia haikutoa tarehe ambayo mtu anaanza." Ni kweli, haikutoa siku wala saa. Sasa fikiria dereva wa tingatinga aliyetumwa usiku kubomoa vibanda kando ya barabara. Hana uhakika kama kuna mlinzi amelala ndani ya kimoja. Je, kutokuwa na uhakika kunampa ruhusa ya kubomoa? Hapana. Anazima injini, anashuka, anaangalia. Na akishindwa kuona ndani, anangoja asubuhi. Kutojua kunatuongezea uangalifu.

Hoja ngumu kabisa ni hii: vile viinitete vilivyobaki kwenye friza vitatupwa tu. Si afadhali vimsaidie mtu? Kwangu mimi hoja hii ina nguvu, maana darasani tulifundishwa kwamba stoku inayokaa ghalani ni pesa iliyolala. Lakini inabidi kwanza ukubali kwamba kilicho kwenye friza ni stoku.

Soma 2 Samweli 23, kuanzia mstari wa 13. Daudi ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa wake watatu wanapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wanateka maji, wanamletea. Angalia hali ilivyo. Kiu ni ya kweli. Maji ni safi. Tayari yameshaletwa, na kuyakataa hakurudishi hatari waliyopitia. Mhasibu yeyote angemwambia, "Kunywa, gharama imeshatumika." Daudi akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona maisha ya watu ndani ya kile kikombe.

Na hao mashujaa walikuwa watu wazima waliojitolea wenyewe, na walirudi salama. Kiinitete hakijajitolea, na hakirudi. Wanandoa waliweka sahihi, lakini kile walichotoa hakikuwa sehemu ya miili yao kama uboho ulivyo. Kwa mizani yetu, nani ametoa? Si yeye. Amebaki mzima? Hapana. Ndiyo maana mimi nasema hapana.

Lakini nasema hapana kwa sauti ya chini. Kuna wapendwa wanaotetemeka kwa ugonjwa wa neva, kuna wanaopoteza macho, na utafiti wa seli hizi unawapa matumaini. Ukisema hapana mbele yao, usiseme kama mtu ambaye haimgharimu kitu. Na kwa wanandoa wanaotafuta mtoto kwa msaada wa maabara, sikuandika haya kuwahukumu. Ninawaomba tu muulize daktari kabla ya kuanza: vitatengenezwa viinitete vingapi, na vitakavyobaki vitaenda wapi? Swali hili ni rahisi zaidi kabla friza haijajaa.

Na ule unga wa pakiti?

Hapa sitachukua muda. Seli shina ya tofaa ni ya mmea. Inaweza kusaidia kuwa mti wa tofaa. Haiwezi kuwa figo yako. Ukiimeza, tumbo linaisaga vile linavyosaga sukuma wiki. Matumizi ya seli shina yaliyothibitishwa kwa upana na kwa miaka mingi ni ya magonjwa ya damu na kinga ya mwili, na hufanyika hospitalini chini ya madaktari bingwa. Mtu akikuambia bidhaa moja inatibu kisukari, presha, figo, utasa na uzee, tena ukiingiza watu wengine chini yako unapata kamisheni, elewa kwamba hapo bidhaa halisi ni wewe.

Marko sura ya 5 inamtaja mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Maandiko hayakumcheka. Yalihesabu pesa yake iliyopotea kuwa sehemu ya mateso yake. Anayemuuzia mgonjwa tumaini la uongo ananyang'anya pia, hata kama risiti ameandika vizuri, na hata kama yeye ni mshirika mwenzetu. Tafadhali, biashara hiyo isifanyike kwenye uwanja wa kanisa.

Deni letu

Ukikubaliana nami kwamba uponyaji usinyang'anywe, basi kuna deni linalotufuata. Kanisa linalosema hapana kwa kunyang'anya lazima liwe la kwanza kwenye kutoa. Vinginevyo tunawaambia wagonjwa wabebe msimamo wetu peke yao.

Wengi wetu hatutaitwa kutoa uboho. Lakini damu tunayo. Ukiwa mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi, unaweza kwenda kupimwa kama unafaa kuchangia, na zile seli zilizo ndani ya mifupa yako zitaanza kurudisha ulichotoa kabla hujafika nyumbani. Mtoto mwenye selimundu, mama aliyevuja damu akijifungua, kijana aliyegongwa na bodaboda, wote wanangoja mtu aliyeamka asubuhi akaamua kwenda. Na familia inayojiandaa kwa safari ndefu ya matibabu inahitaji zaidi ya harambee ya siku moja. Inahitaji mtu wa kukaa na watoto waliobaki, mtu wa kuleta chakula, mtu wa kukesha nao simu ikiwa kimya.

Ayubu aliuonea wivu mti kwa sababu unaweza kuanza tena. Sisi tumepewa kidogo cha uwezo huo ndani ya mifupa, cha kututosha na cha kumgawia mwingine. Mungu atupe moyo wa kukitoa. Amina.